Maswali ya Wasomaji: Kwa nini nyaraka za ofisi moja hazichanganywi na za nyingine?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa masjala katika chama kikuu kimoja cha ushirika wa pamba hapa Kanda ya Ziwa. Tuna chumba kilichojaa majalada ya tangu enzi za mkoloni: ya chama chenyewe, ya vyama vya msingi, ya mamlaka ya zao iliyochukua kazi zetu ushirika ulipovunjwa, na hata ya kampuni moja ya kuchambua pamba iliyokwisha kufa. Meneja wetu ameagiza tuyafungue yote na kupanga karatasi upya kwa mada, yaani barua zote za bei zikae pamoja, za maghala pamoja, za viwanja pamoja. Afisa mmoja wa nyaraka aliyetutembelea alishtuka, akasema tusithubutu, kwani tutavunja kanuni ya kuheshimu fondi. Hakupata nafasi ya kufafanua. Fondi ni nini, kanuni hii ilianzia wapi, na je, ina mashiko hapa kwetu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Afisa yule alikuwa na sababu ya kushtuka. Fondi ni jumla ya nyaraka zote ambazo mtu, familia, ofisi au taasisi moja ilizitengeneza au kuzipokea katika kuendesha shughuli zake. Kanuni ya kuiheshimu inadai mambo mawili: nyaraka zilizotoka kwa mwenye kazi mmoja zisitawanywe, na zisichanganywe na zilizotoka kwa mwingine, hata kama zote zinazungumzia jambo lile lile. Kinachozifunga pamoja ni kazi iliyozizaa, si mada iliyoandikwa ndani yake.

Ili kuelewa kwa nini watu walifikia kuweka sharti kali namna hii, hatuna budi kurudi Ufaransa, katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1789. Kabla ya hapo kila taasisi ilikaa na karatasi zake: abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, ilikuwa na hati za mashamba yake, mahakama ilikuwa na madaftari yake, chama cha mafundi kilikuwa na orodha ya wanachama wake. Mapinduzi yalizifuta taasisi hizo nyingi kwa mkupuo. Mali za Kanisa zilitangazwa kuwa mali ya taifa tarehe 2 Novemba 1789, nyumba za watawa zikafungwa, mahakama za zamani zikavunjwa, na karatasi zao, ambazo ghafla hazikuwa na mwenyewe, zikamiminika katika maghala ya serikali. Sheria ya tarehe 25 Juni 1794 ilimpa kila raia haki ya kuomba kuona nyaraka zilizohifadhiwa, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa kubwa mno. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliagiza nyaraka zichambuliwe kwa manufaa yake: zinazothibitisha mali za dola zitengwe, zenye thamani kwa historia na elimu zitengwe, na hati za haki za kimwinyi ziteketezwe.

Waliokabidhiwa Nyaraka za Taifa mjini Paris, kwanza Armand-Gaston Camus na baadaye Pierre Daunou, walikuwa wasomi wa kweli. Wao walifanya jambo ambalo meneja wako analifikiria leo: waligawa nyaraka kwa mada, kila fungu likapewa herufi yake. Chukua abasia ya Saint-Germain-des-Prés, iliyokuwa miongoni mwa kubwa na za kale zaidi mjini humo. Karatasi zake zinazohusu mambo ya dini ziliwekwa katika fungu la L, hati za mali zake katika fungu la S, na hesabu zake katika fungu la H. Kwa watawa wenyewe hayo yalikuwa maisha ya nyumba moja, kwa kuwa kodi ya shamba ndiyo iliyonunua mishumaa ya ibada, na daftari la hesabu liliandika yote mawili. Mtafiti wa leo anayetaka kuwaelewa lazima aagize makasha ya mafungu matatu na kuyaunganisha mwenyewe, kwa sababu mafungu yale yangalipo na hakuna aliyethubutu kuyafumua.

Mikoani nako, sheria ya 1796 ilikuwa imeagiza karatasi za taasisi zilizofutwa zikusanywe katika makao makuu ya kila mkoa, na kila mtunzaji akawa anazipanga anavyojua. Hapo ndipo alipotokea Natalis de Wailly, mkuu wa kitengo cha utawala katika Nyaraka za Taifa. Yeye ndiye aliyeandaa mawazo ya waraka uliotolewa na Wizara ya Mambo ya Ndani tarehe 24 Aprili 1841, chini ya waziri Duchâtel, kuhusu namna ya kupanga nyaraka za mikoa na za miji. Waraka huo uliagiza kwamba nyaraka zote zilizotoka katika chombo, taasisi, familia au mtu mmoja zikusanywe pamoja, na mkusanyo huo ndio ulioitwa fondi.

Sehemu ya waraka ule ambayo mimi huiona kuwa na busara kuliko zote ni ile inayotenganisha nyaraka zilizotoka katika taasisi na nyaraka zinazoitaja tu. Barua ambayo mkuu wa wilaya alimwandikia mkuu wa mkoa akieleza mgomo wa wakulima wa chama chenu inakihusu chama chenu, lakini haikutoka kwenu na haikupokelewa kwenu. Ni sehemu ya fondi ya ofisi ya wilaya au ya mkoa. Mkiipata sokoni mkaiingiza katika jalada la chama, msomaji wa baadaye ataamini kwamba viongozi wenu waliijua tangu siku ile, na huenda akajenga juu yake hukumu nzima isiyo ya kweli.

Hata hivyo, waraka wa 1841 ulifika nusu ya njia. Ulilinda mpaka kati ya fondi na fondi, lakini ndani ya fondi moja uliruhusu karatasi zipangwe kwa mada, kisha kwa tarehe, kwa mahali au kwa alfabeti. Nusu ya pili ilikamilishwa na Waprusi wa Ujerumani. Kanuni za Hifadhi ya Siri ya Dola mjini Berlin za tarehe 1 Julai 1881, zilizoandaliwa na Max Lehmann wakati mkurugenzi akiwa Heinrich von Sybel, ziliagiza kwamba nyaraka za kila ofisi zibaki katika mpangilio na kwa namba zilizopewa na ofisi yenyewe ilipokuwa hai. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ofisi za Prussia zilikuwa na masjala yenye nidhamu, ambamo kila karatasi iliingizwa, ikapewa namba na kufungwa mahali pake. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 1898, Waholanzi Samuel Muller, Johan Feith na Robert Fruin walichapisha mwongozo wenye kanuni 100, ambao ulieleza kwamba nyaraka za taasisi hukua pamoja na taasisi yenyewe, na kwa hiyo mpangilio wake lazima ufuate muundo wa taasisi hiyo. Mkutano wa kimataifa wa watunza nyaraka na wakutubi uliofanyika Brussels mwaka 1910 uliikubali kanuni hii, na tangu hapo imekuwa msingi wa taaluma.

Sasa turudi chumbani kwenu. Tuseme unafungua jalada moja la miaka ya hamsini. Folio ya 13, yaani karatasi ya 13 katika jalada hilo, ni barua ya chama cha msingi kikilalamika kwamba mizani ya mnunuzi inapunja. Pembeni mwa barua hiyo kuna dokezo la kalamu ya wino: "Ajibiwe baada ya msimu." Folio ya 14 ni nakala ya jibu, na tarehe yake ni miezi minne baadaye. Folio ya 15 ni taarifa kwamba wanachama kadhaa wameuza pamba yao kwingine. Ukisoma karatasi hizo tatu zikiwa zimefuatana, umeshaona uamuzi, ucheleweshaji na matokeo yake, ingawa hakuna hata moja inayokiri kwamba uongozi ulizembea. Zipange kwa mada: ya kwanza itakwenda kwenye mizani, ya pili kwenye mawasiliano na vyama vya msingi, ya tatu kwenye mauzo. Karatasi zote tatu zitakuwa salama, hakuna iliyochanika wala kuliwa na mchwa, lakini ushahidi utakuwa umepotea, na ubaya wake ni kwamba hakuna atakayejua kuwa umepotea.

Unauliza kama kanuni hii ina mashiko hapa kwetu. Mimi nasema ina mashiko zaidi kwetu kuliko kwingi, kwa sababu nasi tumevunja taasisi kwa amri. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa Tanzania Bara mwaka 1976, kazi zao zikahamishiwa mamlaka za mazao na asasi nyingine, kisha vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Majalada yalihama pamoja na kazi, yakarudi, mengine hayakurudi. Hali hiyo inafanana kabisa na ile iliyowakuta watunzaji wa Ufaransa, na katika hali kama hiyo kitu pekee kinachoweza kumwambia msomaji nani alifanya nini ni mpaka kati ya karatasi za mmoja na za mwingine.

Kwa hiyo katika chumba chenu mna angalau fondi nne, pengine zaidi, maana kila chama cha msingi kilichokuwa na uongozi na daftari lake ni mwenye fondi yake. Msishawishike kuunganisha fondi mbili kwa sababu taasisi moja ilirithi nyingine. Kule Kilimanjaro, chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, KNPA, kilifuatiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Kahawa ilikuwa ile ile na wakulima wengi walikuwa wale wale, lakini vilikuwa vyombo viwili vyenye mamlaka tofauti, na nyaraka za kila kimoja zina mengi ya kusema juu ya sababu za mabadiliko yale.

Kuna mahali ambapo kanuni inabana, nami sitaki kuuficha ugumu wake. Mtakuta jalada lililofunguliwa na ushirika mwaka 1970, likaendelezwa na mamlaka ya zao baada ya 1976, bila hata namba kubadilika. Ni la fondi ipi? Swali hilo hilo lilimsumbua Peter Scott, mtunza nyaraka wa Australia, ambako wizara zilikuwa zikiunganishwa na kutenganishwa mara kwa mara. Mwaka 1966 alipendekeza kwamba majalada yanayofuatana yaorodheshwe kama mfululizo mmoja usiokatwa, na taasisi zilizoutumia ziorodheshwe kando, kila moja na miaka yake. Kwenu, jalada la namna hiyo msilikate vipande viwili. Libaki zima, likae pamoja na majalada ya chombo kilicholifunga, na katika orodha ya chombo cha kwanza liandikwe kwamba lilianzia huko na sasa liko wapi.

Meneja wako naye ana hoja ambayo haifai kupuuzwa, kwa kuwa anataka akiuliza habari za viwanja azipate kwa haraka. Mtengenezeeni faharasa. Andikeni katika daftari au katika kompyuta kila mada, na mbele yake fondi, namba ya jalada na folio. Mada moja inaweza kuelekeza kwenye majalada ishirini, na folio moja inaweza kutajwa chini ya mada tano, ilhali karatasi yenyewe haijaondoka mahali pake hata siku moja. Kabla ya kugusa chochote, andikeni orodha ya vitu jinsi vilivyo rafuni sasa, hata kama vimekaa ovyo, maana ovyo hiyo nayo huenda ina dalili ya nani aliacha nini. Mkishaona kuwa mpangilio wa awali ulivurugwa na mhamo tu, namba za majalada na rejesta ya masjala zitawaongoza kuurudisha.

SWALI: Wanasema faili nyingi za serikali ya kikoloni ya Kenya zilipelekwa Uingereza kabla ya uhuru. Wapo wanaodai ni mali ya Waingereza kwa kuwa maafisa wao ndio walioziandika. Kwa kanuni za utunzaji wa nyaraka, faili hizo ni za fondi gani? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kanuni haiulizi taifa la mwandishi. Inauliza faili lilifunguliwa katika ofisi gani na kwa kazi gani. Gavana alipomwandikia Waziri wa Makoloni, barua iliyopokelewa London iliingia katika fondi ya Wizara ya Makoloni, na hizo za Kenya zinasomwa leo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, chini ya namba CO 533. Hakuna anayebishania hizo. Nakala iliyobaki Nairobi, pamoja na madokezo, taarifa za wilaya na majibu yaliyopokelewa, ilikuwa ya fondi ya Serikali ya Koloni ya Kenya, na mrithi wa kazi za serikali hiyo ni Jamhuri ya Kenya.

Yaliyotokea yanajulikana sasa. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa. Kutoka Kenya yalikwenda majalada yapatayo 1,500, yaliyojaza makasha takriban 300, na Kenya iliyaomba bila kuyapata. Yalikaa Hanslope Park, katika ghala la Wizara ya Mambo ya Nje, hadi mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya waliokuwa wameishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya enzi za Mau Mau, wakisaidiwa na ushahidi wa wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walipoilazimisha wizara hiyo kukiri kwamba yapo. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza bungeni masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 katika shauri la watu 5,228.

Majalada hayo yamefunguliwa kwa umma huko Kew, na kila koloni lina orodha yake. Lakini yote yamewekwa chini ya namba moja, FCO 141, herufi ambazo ni za Wizara ya Mambo ya Nje. Ndani ya namba hiyo utakuta ya Kenya, Tanganyika, Uganda, Cyprus, Malta na makoloni mengine mengi. Wizara hiyo haikuyatengeneza majalada haya wala haikuyatumia katika kazi zake, iliyashikilia tu. Kwa macho ya kanuni tunayoizungumzia, namba hiyo inataja aliyeyaficha badala ya aliyeyaandika, na naona ni kosa linalostahili kusemwa waziwazi. Fondi ya Nairobi nayo imebaki na mapengo: mtafiti anakuta katika Nyaraka za Taifa za Kenya jalada linalorejea jalada jingine ambalo halipo, na bila safari ya London hajui kama liliteketezwa au lilipanda ndege.

Kimataifa, UNESCO ilipokea mwaka 1978 ripoti ya mkurugenzi wake mkuu iliyosisitiza kwamba ukamilifu wa fondi uheshimiwe katika madai ya nchi na nchi. Mkataba wa Vienna wa tarehe 8 Aprili 1983 kuhusu urithi wa mali, nyaraka na madeni ya dola una vifungu vinavyozihusu nchi zilizopata uhuru, lakini haujaanza kutumika, kwa kuwa nchi zilizouridhia hazijafikia idadi inayotakiwa. Nakala za kidijitali zinasaidia kusoma, nazo zinafaa kudaiwa mara moja, ila nakala haimalizi swali la fondi asilia ni ya nani.

SWALI: Marehemu babu aliacha masanduku mawili ya barua za biashara, nyingine za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Binamu yangu anazipiga picha na kuzipanga katika kompyuta kwa majina ya bidhaa. Je, kanuni ya fondi inahusu familia pia, na kompyuta haijaifanya ipitwe na wakati? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Inahusu familia tangu siku ya kwanza, maana waraka wa 1841 uliitaja familia na mtu binafsi kwa majina. Barua za babu yenu ni fondi kamili. Viwango vya kimataifa vya kuorodhesha nyaraka, vilivyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 na kurekebishwa mwaka 2000, navyo vinaanza na fondi nzima kisha vinashuka hadi sanduku, bunda na barua moja moja, iwe katika karatasi au katika kompyuta.

Kompyuta imerahisisha sehemu ya faharasa, na binamu yako anaweza kutafuta karafuu au ngozi apendavyo. Muombe tu kwamba jina la kila picha libebe kwanza namba ya sanduku, namba ya bunda na nafasi ya barua ndani ya bunda, ndipo lifuate jina la bidhaa. Barua zilizofungwa kwa uzi mmoja zipigwe picha kwa mfuatano wake kabla na baada ya kufunguliwa uzi. Bahasha zisitupwe, kwani mara nyingi mhuri wa posta ndio wenye tarehe ambayo mwandishi hakuiandika. Na namba ziandikwe kwa penseli laini nyuma ya karatasi, kwenye kona, kamwe si kwa kalamu ya wino.